Ngisi Aliyepanda Mlima

Msafiri anayeketi kwenye mkahawa mdogo mjini Dharan, mashariki mwa Nepal, huona kwenye orodha ya vyakula mambo aliyoyatarajia. Kuna momo, vidonge vya unga vilivyojazwa nyama na kuivishwa kwa mvuke. Kuna sekuwa, yaani mishikaki ya nyama iliyochomwa kwa makaa. Kuna wali na dengu. Kisha jicho linakwama: ngisi. Wala si mara moja. Ngisi wa kukaanga, ngisi wa pilipili, ngisi aliyechanganywa na ndimu na vitunguu.

Nepal haina pwani. Imebanwa kati ya India na China, na kutoka ncha yake ya kusini-mashariki hadi maji ya chumvi ya Ghuba ya Bengal kuna zaidi ya kilomita 400. Hivyo mgeni huuliza swali lile lile: ngisi amefikaje huku?

Jibu la haraka ni kwamba aliletwa na askari, akiwa mkavu. Lakini jibu hilo linazaa swali gumu zaidi. Askari hao walirudi kwao na vitu vingi, vikiwemo redio, saa, blanketi na nguo za kigeni. Vyakula vya kigeni walivyovionja ng'ambo vilikuwa vingi pia, na karibu vyote viliishia huko huko. Mbona ngisi akapata makazi?

Sura hii inashikilia kwamba ngisi hakubaki Nepal kwa sababu ya ladha yake peke yake. Alibaki kwa sababu alifika akiwa na umbo ambalo jiko la mlimani lilikwisha kulijua.

Ngisi mbichi na ngisi mkavu

Msomaji wa Unguja, Lamu au Tanga hahitaji kutambulishwa kwa ngisi. Wa bara huenda amemsikia tu. Ni mnyama wa baharini asiye na uti wa mgongo, ndugu wa pweza. Ana mwili kama mfuko, mikono minane, na minyiri miwili mirefu ya kunasia windo. Ndani ya mfuko huo hamna mfupa, bali kijiti chembamba kinachopenya mwanga kama plastiki. Ana mioyo mitatu. Damu yake ina rangi ya buluu, kwa kuwa hubeba oksijeni kwa kutumia shaba, wakati damu ya binadamu hutumia chuma.

Kwa mpishi, jambo la kwanza kulijua ni kwamba karibu asilimia 80 ya ngisi mbichi ni maji. Ndiyo sababu huharibika upesi. Akikaa nje kwenye joto, saa chache zinatosha kumfanya anuke.

Wavuvi wa Asia Mashariki na Kusini-Mashariki walipata dawa ya tatizo hilo zamani sana. Ngisi hupasuliwa, hutolewa matumbo, huoshwa, hutandazwa bapa na kuanikwa juani penye upepo. Maji yanapotoka, bakteria wanakosa mahali pa kuishi. Kinachobaki ni kipande bapa cha rangi ya kahawia, kigumu kama soli ya kiatu, chenye harufu kali ambayo asiyeizoea huigeuzia uso. Hesabu yake ni rahisi: kilo moja ya ngisi mkavu imetoka kwenye kilo nne au tano za ngisi mbichi.

Kukausha hakupunguzi uzito tu. Ladha nayo hujikusanya. Nyama ya ngisi ina viungo asilia vya protini vinavyoitwa amino asidi, na baadhi yake ndivyo vinavyoipa supu ya mifupa ule utamu wa nyama usio wa sukari. Maji yakiondoka, utamu huo hubaki umesongamana. Mara nyingi ngisi mkavu mzuri huwa na unga mweupe juu yake. Wanunuzi wengi huudhania ukungu, lakini sivyo: ni taurini, jamaa ya viambato hivyo, iliyojitokeza juu ya ngozi wakati wa kukauka. Ukungu wenyewe huonekana tofauti. Una manyoya, huwa wa kijani au mweusi, na hunuka chumba kilichofungwa muda mrefu.

Basi huyo ndiye ngisi wa sura hii. Ngisi mbichi, yule laini anayekatwa pete na kukaangwa kwenye hoteli za pwani, ana nafasi ndogo sana katika habari za Nepal.

Sanduku la lahure

Katika Kinepali, mtu anayekwenda kutumikia jeshi la kigeni huitwa lahure. Neno hilo limetokana na Lahore, mji ambao leo uko Pakistan. Mwanzoni mwa karne ya 19 vijana wa milimani walikwenda huko kujiunga na jeshi la mtawala wa Masikh, Ranjit Singh. Jina likabaki hata baada ya njia kugeuka.

Na iligeuka kweli. Tangu 1815 Waingereza nao walianza kuwaandikisha Wanepali, waliowaita Magurkha. India ilipopata uhuru mwaka 1947, vikosi kumi vya Magurkha viligawanywa: sita vilibaki na India, vinne vikaenda Uingereza. Viwili kati ya hivyo vinne, cha 7 na cha 10, vilichukua zaidi vijana wa mashariki mwa Nepal, hasa wa makabila ya Rai na Limbu. Hayo ndiyo makabila ya vilima vilivyo juu ya Dharan.

Vikosi hivyo vya Uingereza vilipelekwa Malaya, kisha Hong Kong, ambako Magurkha walibaki hadi mji huo ulipokaribia kurudishwa kwa China tarehe 1 Julai 1997. Singapore nayo iliunda kikosi chake cha polisi wa Kigurkha mwaka 1949, na kipo mpaka leo. Kwa takriban nusu karne, basi, kijana aliyezaliwa kwenye mteremko wa ulezi na mahindi, asiyewahi kuona maji makubwa kuliko mto, alitumia miaka yake ya nguvu katika miji ya bandari.

Hong Kong ilimfundisha ngisi. Katika mtaa wa Sheung Wan maduka yamepangana yakiuza vya baharini vilivyokaushwa: samaki, kamba, chaza, ngisi wa kila ukubwa. Wachuuzi wa barabarani walichoma ngisi mkavu juu ya makaa, wakampitisha kwenye mashine ya magurudumu mawili ili alainike, wakamuuza kwa vipande. Ni chakula cha kutafuna polepole huku watu wakizungumza. Askari aliye nje ya kambi siku ya mapumziko, mwenye fedha kidogo mfukoni na marafiki watatu pembeni, hakuhitaji kushawishiwa.

Kila baada ya miaka mitatu hivi askari alipewa likizo ndefu ya miezi kadhaa kwenda nyumbani. Hapo ndipo sanduku linapoingia kwenye hadithi. Katika miaka ya mwanzo safari ilikuwa kwa meli hadi Kolkata, ambayo wakati huo iliandikwa Calcutta, kisha kwa treni hadi Jogbani mpakani, kisha kwenda Dharan, na kutoka hapo kwa miguu, siku kadhaa za kupanda na kushuka hadi kijijini. Baadaye ndege zilipunguza safari ya bahari, lakini miguu ilibaki na kazi yake. Kila gramu ilibebwa mgongoni na mtu.

Katika hali hiyo zawadi njema ina sifa nne. Iwe nyepesi. Isioze. Isivunjike. Na iwe kitu ambacho hakuna jirani aliye nacho. Ngisi mkavu alikuwa nazo zote nne, na akaongeza ya tano: angeweza kugawanywa. Redio ni ya nyumba moja. Fungu la ngisi hugawiwa kwa ndugu, majirani, mzee wa kijiji na mjomba aliyekuja kusikia habari za ng'ambo.

Dharan ilikuwa kituo cha Waingereza cha kuandikisha askari, chenye kambi kubwa katika eneo la Ghopa. Tangu 1993 mahali hapo pana chuo cha afya na hospitali yenye jina la B. P. Koirala. Askari waliostaafu walijenga nyumba mjini humo badala ya kurudi juu vilimani, kwa ajili ya shule na barabara. Wakaleta fedha za pensheni, mtindo wa mavazi, mpira wa miguu, muziki, na ngisi. Yule mkavu wa sandukuni akahamia dukani, na kutoka dukani akaingia mkahawani.

Jina lenyewe linatoa ushahidi. Wanepali humwita skwidi, kwa neno la Kiingereza. Hawakumwita kwa Kikantoni cha wauzaji wa Hong Kong, wala hawakumbunia jina kutoka lugha zao. Jina ni lile lililosemwa kambini.

Jiko lililokuwa tayari

Sasa lile swali gumu. Kufika si kubaki.

Ili kulijibu, mtu na atazame kile kilichokuwa kikining'inia juu ya meko ya nyumba ya mlimani kabla ngisi hajafika. Kulikuwa na sukuti, nyama ya nyati wa kufugwa au mbuzi iliyokatwa vipande virefu na kukaushwa kwa jua na moshi. Kulikuwa na gundruk, majani ya haradali au figili yaliyochachushwa kisha yakaanikwa, ambayo hupikwa supu chachu wakati bustani ni tupu. Kulikuwa na sidra, visamaki vidogo vikavu kutoka mito ya nyanda za chini, vinavyosagwa na pilipili kuwa kachumbari kali. Wafugaji wa juu zaidi walikuwa na chhurpi, jibini la maziwa ya yaki au ng'ombe lililokaushwa hadi kuwa gumu kama jiwe. Mtu huweka kipande shavuni na kukitafuna saa nzima akitembea na mifugo.

Mlima ndio uliofundisha hayo. Mvua kubwa za msimu hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, njia zinakatika, maporomoko yanafunga mabonde. Kisha baridi inakuja na mashamba yanalala. Asiyekausha chakula katika miezi myema hatakuwa na kitoweo katika miezi mibaya. Kwa hiyo mpishi wa Kinepali alikuwa na elimu kamili ya vikavu: namna ya kuviokoa na unyevu, kuvichoma kidogo ili harufu iamke, kuvilainisha, na kuvipa mafuta, chachu na pilipili.

Ngisi alipotolewa sandukuni, mama wa nyumba hakuona mnyama wa ajabu mwenye minyiri. Aliona sukuti ya namna nyingine. Akamchoma kama sukuti, akampasua kama sukuti, akamwekea viungo vya sukuti. Hapa ndipo ngisi alipopata uraia. Lau angefika akiwa mbichi, mwenye ute na macho makubwa, angehitaji mapishi mapya, na pengine angetupwa.

Wasomaji wa Afrika ya Kati na Mashariki wanalo jambo linalofanana na hili. Dagaa wa Ziwa Victoria hubebwa wakiwa wakavu hadi masoko ya Kongo, mbali na maji walimovuliwa, na huko hupikwa kwa mafuta ya mawese na pilipili za wenyeji mpaka mtu akasahau wametoka wapi. Chakula kikavu husafiri kikiwa hakijamaliza kuwa chakula. Humwachia mpishi wa mwisho kazi ya kukifanya chake.

Kwa ufupi, mpaka hapa:
– Ngisi wa Nepal ni ngisi mkavu, na harufu kali na ugumu ndizo sifa zake.
– Mlango wake mkuu wa mashariki ulikuwa Dharan, kupitia askari waliotumikia Hong Kong na Singapore.
– Alipokelewa kwa sababu alifanana na nyama kavu ambayo wenyeji walikuwa nayo tayari.

Kumlainisha

Mpishi asiyemjua ngisi mkavu humtupia sufuriani moja kwa moja. Matokeo yake ni mpira.

Sababu iko kwenye umbo la nyama. Misuli ya ngisi imefungwa na kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoshikilia nyama pamoja kama kamba za kitanda. Nyuzi nyingi za misuli zinazunguka mwili mithili ya pete za pipa. Ndiyo maana ngisi mkavu huchanika kirahisi kwa upande mmoja tu, kwa kukata upana wa mwili. Wapishi wenye mkono mzuri hufuata njia hiyo: humchana kwa vidole, kwa upana, wapate nyuzi ndefu nyembamba.

Njia ya kwanza, ya haraka, haina maji kabisa. Ngisi hupitishwa juu ya makaa au mwali wa gesi, nukta chache kila upande, mpaka akunje kingo na kutoa harufu. Hupondwa kidogo kwa jiwe, huchanwa na kutafunwa. Hii ndiyo njia ya Hong Kong, na wazee waliotumikia huko huipenda.

Njia ya pili ndiyo ya mikahawa, na inataka subira:

1. Ngisi huoshwa kwa maji baridi kuondoa chumvi na vumbi.
2. Hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha. Maji hubadilishwa yakichafuka.
3. Wengine huongeza bikaboneti ya soda, jamaa ya magadi, kiasi cha ncha ya kijiko. Hufanya protini inyonye maji zaidi na nyama ivimbe. Ikizidi, nyama huwa na ladha ya sabuni na kuteleza mdomoni.
4. Kijiti cha ndani hutolewa, utando wa nje huchunwa, mdomo mgumu wa katikati ya mikono hukatwa.
5. Upande wa ndani huchanjwa kwa kisu, mistari ya kupishana kama mkeka, ili viungo vipenye na nyama isijikunje sana.

Baada ya hapo mpishi huchagua: moto mkali kwa dakika mbili au tatu, au moto mdogo kwa dakika 40 na zaidi. Katikati ya hizo mbili ndipo penye balaa. Moto wa muda mfupi huivisha nyama kabla misuli haijakaza sana. Wa muda mrefu huyeyusha kolajeni mpaka kamba zile zikalegea. Anayeepua dakika ya kumi amepata hasara ya pande zote.

Mlima unaongeza sharti lake. Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa inapungua uzito na maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Dharan iko chini, na hapo maji huchemka karibu na kawaida. Kathmandu iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 95. Namche, kituo cha wapandaji wa Everest kilichoko mita 3,440, huchemsha maji kwenye nyuzi 88 au 89. Chakula kinatokota, lakini hakiivi kama kinavyoiva pwani. Ndiyo sababu sufuria ya presha ni chombo cha heshima katika nyumba za Nepal, na wapishi huhesabu muda kwa miluzi yake badala ya dakika.

Sandheko, pishi lililompa jina

Kati ya mapishi yote ya ngisi, moja ndilo linalostahili kukaliwa kitako: sandheko. Neno hili lina maana ya kitu kilichochanganywa na kukolezwa viungo bila kupikwa tena. Wanepali hufanya sandheko ya karanga, ya soya za kukaanga, ya kuku, hata ya tambi za paketi ambazo hazijaguswa na maji. Ni namna ya kula zaidi kuliko kuwa chakula kimoja.

Ngisi aliyelainishwa hukaangwa kwanza kwenye mafuta mengi, haraka, mpaka kingo zigeuke rangi. Humwagwa kwenye bakuli. Juu yake huja vitunguu maji vilivyokatwa vyembamba, nyanya, pilipili mbichi, tangawizi na kitunguu saumu vilivyosagwa juu ya jiwe, chumvi, na maji ya ndimu.

Kisha timur. Hii ni punje ndogo ya mti wa miiba unaoota vilimani, ndugu wa ile pilipili ya Sichuan ya Wachina. Si kali kama pilipili tuliyoizoea. Ina harufu ya maganda ya chungwa, na baada ya nukta chache ulimi na midomo huanza kufa ganzi na kutetemeka kidogo. Kwenye nyama yenye harufu ya bahari, timur hufanya kazi ambayo kiungo kingine hakiwezi: huukata ule uzito wa harufu na kuacha utamu.

Mashariki mwa Nepal wana pia akabare, pilipili nyekundu ya mviringo, ndogo kama cheri, kali kupita kiasi na yenye harufu ya matunda. Anayeijua pilipili mbuzi hatapotea.

Hatua ya mwisho ndiyo inayotenganisha mpishi na mwanafunzi. Mafuta ya haradali hupashwa kwenye kikaango kidogo mpaka yaanze kutoa moshi na ukali wake mbichi uishe. Mbegu za uwatu hutiwa humo. Zinapasuka, zinageuka kahawia, kisha karibu nyeusi. Mpishi hutia manjano kidogo, na kabla haijaungua humwaga vyote juu ya bakuli. Sauti ya mafuta yakigusa vitunguu husikika mpaka meza za mbele. Huchanganywa kwa mkono, hutupiwa kotmiri, na huletwa mezani papo hapo.

Mapishi mengine yanafuata njia zinazojulikana. Ngisi wa pilipili hupikwa kwa mtindo wa Kichina ulioenea India na Nepal: pilipili hoho, vitunguu vya vipande vikubwa, mchuzi wa soya, nyanya ya kopo. Ngisi wa mchuzi huliwa na wali. Ni vitamu, lakini ladha ya soya huficha mengi, na mtu anaweza kuweka kuku mahali pa ngisi bila kupoteza kitu. Sandheko haikubali kubadilishwa hivyo.

Meza ya nani?

Sandheko ya ngisi ni chakula cha jioni ya mapema, kile Wanepali wanachokiita khaja, yaani kitafunwa cha kati ya mlo na mlo. Huliwa na chiura, mchele uliopondwa bapa ukawa mkavu kama majani, au na bisi za mchele. Kwa Warai na Walimbu huandamana mara nyingi na tongba: ulezi uliochachushwa, ukawekwa ndani ya chombo cha mbao, ukamiminiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija. Ngisi hutafunwa polepole, maji huongezwa, mazungumzo huendelea.

Kuna swali jingine ambalo wasomaji huuliza: je, dini haikatazi? Nepal ni nchi ya Wahindu kwa asilimia 81 hivi, pamoja na Wabudha na wafuasi wa dini ya Kikirati ya makabila ya mashariki. Ng'ombe haliwi. Kuhusu nyama nyingine, kila tabaka na kila kabila lina desturi zake: wapo wasiogusa nguruwe, wapo wasiokula nyama yoyote. Ngisi aliingia bila historia. Hakuwa wa tabaka lolote, hakuwa na sikukuu yake, hakuna bibi aliyewahi kumkataza mjukuu wake asimle. Huo ulikuwa uhuru mkubwa kwa kitu kigeni.

Hata hivyo jamaa yake wa kale anaheshimiwa Nepal kuliko karibu kitu chochote. Kwenye mto Kali Gandaki, karibu na hekalu la Muktinath, waumini huokota mawe meusi ya mviringo yaitwayo shaligram. Likipasuliwa, jiwe huonyesha alama ya gurudumu lililojiviringisha. Kwa Mhindu ni Vishnu mwenyewe, na huwekwa kwenye madhabahu ya nyumbani. Kwa mtaalamu wa miamba ni amonaiti, mnyama wa baharini mwenye gamba, wa ukoo mmoja na ngisi na pweza, aliyetoweka duniani miaka milioni 66 iliyopita. Alikufa kwenye sakafu ya bahari iliyokuwapo kabla bara la India halijaigonga Asia na kuinua Himalaya. Hata mwamba wa kilele cha Everest, mita 8,849 juu, ulitandikwa chini ya maji ya bahari.

Hakuna uhusiano wa kihistoria kati ya jiwe la madhabahuni na bakuli la mkahawani. Lakini inafaa kujua kwamba katika nyumba moja ya Kinepali vyaweza kukutana vyote viwili, kimoja kikiwa kimesubiri miaka milioni mia na zaidi, kingine kikiwa kimeshuka kutoka kwenye sanduku la baba.

Baada ya 1997

Magurkha walipoondoka Hong Kong, wengi wangeweza kudhani ngisi angekoma. Haikuwa hivyo. Watoto wa askari waliozaliwa Hong Kong kabla ya 1983 walikuwa na haki ya kuishi huko, na wengi waliitumia. Jamii ya Wanepali ikakua katika mitaa ya Jordan, Yau Ma Tei na Yuen Long, na mizigo ya kwenda nyumbani ikaendelea. Tangu makubaliano ya 2007, Wanepali wengi wamekwenda pia kufanya kazi viwandani na mashambani Korea Kusini, nchi nyingine ambako ngisi mkavu ni kitafunwa cha kila duka.

Kathmandu nayo sasa ina majokofu na ngisi wa barafu kwa ajili ya mikahawa ya vyakula vya Kijapani, Kikorea na Kizungu. Ngisi huyo ni mlaini na mpole. Hana harufu ya sanduku wala ugumu wa kutafuna, na kwenye bakuli la sandheko ladha yake humezwa na ndimu. Wanaompigania mkavu wana haki.

Tahadhari tatu zinatosha. Ngisi ana kolesteroli nyingi, karibu miligramu 230 kwa kila gramu 100 za nyama mbichi, na mkavu huwa na chumvi nyingi, hivyo mwenye shinikizo la damu ale kidogo. Mwenye mzio wa kamba na kaa anaweza kudhurika na ngisi pia. Na wakati wa mvua, ngisi mkavu ahifadhiwe kwenye chombo kinachofunga hewa, mbali na ukuta wenye unyevu.

Kujaribu nyumbani

Anayeishi karibu na bahari anaweza kumwanika ngisi mwenyewe kwa siku mbili au tatu za jua kali, akimfunika kwa wavu dhidi ya nzi na kumuingiza ndani usiku. Mafuta ya haradali, uwatu na manjano hupatikana kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi katika miji mingi. Pilipili mbuzi inashika nafasi ya akabare vizuri sana. Timur ndiyo ngumu kuipata; pilipili ya Sichuan ya maduka ya Kichina inakaribia, na anayeikosa kabisa aweke ganda la ndimu lililokunwa, akijua kwamba ganzi ya ulimi hataipata.

Gramu 100 za ngisi mkavu hutosha watu wanne wanaotafuna kwa mazungumzo. Alowekwe tangu usiku, achanwe kwa upana, akaangwe upesi. Vitunguu vikatwe mwishoni kabisa, mafuta yapashwe watu wakiwa wamekwisha kukaa, na bakuli lisisubiri: baada ya robo saa vitunguu hutoa maji.